Tikiti la mkopo au ufuta wa mfukoni? Ulinganisho kwa mwenye ekari mbili Malindi au Lamu

Kila mvua zikikaribia napigiwa simu ile ile. Mtu amepata ekari mbili, za urithi au za kukodi, kati ya mto Sabaki na Marafa au kule Hindi upande wa Lamu, na anataka kujua apande nini. Zamani nilikuwa namjibu kwa jina la zao. Siku hizi namuuliza kwanza: pesa za kulimia unazitoa wapi, na ukishavuna, mzigo wako unaweza kukaa siku ngapi kabla haujaoza? Akinijibu hayo mawili, habari ya udongo tunaimaliza kwa dakika tano.

Basi nimeamua niandike mara moja nipumzike. Ninazilinganisha njia mbili ambazo watu wa kwetu huziendea sana. Ya kwanza ni matikiti maji ya pampu, aghalabu kwa pesa za kukopa. Ya pili ni ufuta wa mvua, na pojo (choroko) kidogo pembeni, kwa pesa za mfukoni. Maembe nitayagusa kwa sababu ni nadra kukuta boma la Malindi lisilo na mwembe. Nyanya siziweki peke yake. Hasara zote nitakazosema za tikiti, kwa nyanya zizidishe mara mbili, maana tikiti angalau lina ganda.

Tikiti, siku ya kuvuna

Misimu kadhaa iliyopita mimi na binamu yangu tulipanda ekari moja ya tikiti kwenye ukingo wa Sabaki, juu kidogo ya daraja la barabara ya Lamu. Pampu tulikodi. Mbegu za haibridi, mbolea na dawa tulizipata kwa deni: nusu pesa za chama chetu cha kuweka na kukopa, nusu mali ya mfanyabiashara mmoja ambaye pia ndiye angetununulia mzigo. Udongo ule mwekundu unaoletwa na mafuriko hauna ubahili. Siku ya sabini na kitu matunda yalikuwa yamelala shamba zima kama kondoo waliojinyoosha kivulini, na nyani wameanza kuja kuyachagua alfajiri kabla yetu.

Kijana wa kununua akaja na kanta, lori dogo, saa tatu asubuhi. Akainama, akaligonga tikiti moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaligonga la pili.

"Mzigo mzuri, wazee wangu. Lakini sokoni Kongowea, kule Mombasa, kumefurika. Jana kuna malori yamelala pale na mali yake."

"Kwani kwenye simu tulisema bei gani?" binamu yangu akauliza.

"Ile ilikuwa bei ya wiki tatu nyuma, kaka. Leo ni leo."

Akataja theluthi ya ile bei.

Tungeweza kumwambia arudi na kanta lake tupu. Tikiti lililokomaa likiachwa kwenye shina, ukapunguza maji, linavumilia siku kadhaa. Likikatwa likawekwa kivulini, penye hewa, linaweza kusukuma wiki moja au mbili. Na Ramadhani ilikuwa imebakisha siku sita mwezi uandame. Hakuna asiyejua hapa Malindi tikiti linavyotafutwa jioni za futari. Lakini chama kilikuwa kikutane Ijumaa na marejesho yalitakiwa mezani, na siku ile ilikuwa Jumatano. Yule aliyetupa mbegu naye alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake kwamba mzigo ni wake. Tukapakia. Wiki iliyofuata nikanunua tikiti sokoni kwa ajili ya futari kwa bei ambayo sikuthubutu kumwambia binamu yangu.

Kilimo hakikutushinda, mavuno yalikuwa mazuri mno. Shida ni kwamba hayakuwa mazuri kwetu peke yetu: Kakuyuni, Goshi, Langobaya, mto mzima ulikuwa ukivuna wiki ile. Watu husema ni mvua ndiyo inayotupandisha pamoja, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mwenye pampu hangoji mvua. Kinachotukutanisha zaidi ni mkopo. Vyama hugawa pesa wakati mmoja, waliopata wanakwenda agroveti, duka la mbegu na dawa, wiki moja, wanauziwa mbegu ya aina moja inayokomaa kwa siku zile zile. Siku mkopo ulipotoka ndipo msongamano wa Kongowea ulipopangwa.

Hesabu, upande kwa upande

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Weka zako, ila usiruke mstari hata mmoja, hasa ule wa vibarua ambao kila mtu huusahau.

Tuseme ekari moja ya tikiti inakula shilingi 90,000: mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua. Kati ya hizo, 60,000 ni za kukopa, riba asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi minne. Riba ni 7,200, kwa hiyo jumla ya gharama ni 97,200. Umevuna tani 12. Ili usipate wala usikose, kila kilo ikupe shilingi 8 na senti 10. Bei ikiwa 20 unabaki na 142,800. Bei ikiwa 5 umepoteza 37,200, na aliyekukopesha bado anakusubiri kibarazani.

Sasa ekari ya ufuta. Trekta, mbegu kilo mbili, palizi mara mbili, kukata na kupiga: tuseme 18,000. Umepata kilo 250. Bei ikiwa 120 unabaki na 12,000. Ikishuka hadi 80 unabaki na 2,000, yaani umelima bure lakini umelala usingizi. Ikifika 60 umepoteza 3,000.

Kwa hiyo msimu mmoja mzuri wa tikiti ni sawa na misimu 12 ya ufuta. Anayekuambia ufuta una faida kuliko tikiti anakudanganya, au ana ufuta wa kukuuzia. Nawaelewa kabisa vijana wanaouza pikipiki wakanunua pampu.

Lakini tazama jambo moja katika zile hesabu. Hizo 90,000 zingekuwa zako zote, bila riba, ungehitaji shilingi 7 na senti 50 kwa kilo ili usikose. Kwa mkopo ni 8 na senti 10. Tofauti ni senti 60! Tunalalamikia riba siku nzima, kumbe kwa mkopo wa namna hii riba ni senti 60 kwa kilo. Bei yenyewe inaweza kupanda au kushuka shilingi kumi ndani ya wiki mbili. Deni lilitumaliza mimi na binamu yangu kwa tarehe yake. Lilitulazimisha kuuza Jumatano wakati bei nzuri ilikuwa Jumatano ya pili.

Kwa nini bei inaanguka kila tukifanya vizuri

Tumbo lina mwisho wake. Tikiti likiwa rahisi mtu ataongeza kipande, hataongeza manne. Kwa hiyo mali ikizidi kidogo tu, bei haishuki kidogo, inaporomoka. Ndiyo maana msimu ambao mto mzima umevuna vizuri, mto mzima unaweza kupata pesa kidogo kuliko mwaka wa ukame.

Mwaka 1958 mchumi wa Kimarekani Willard Cochrane aliueleza mzunguko huu vizuri. Mkulima wa kwanza kupata mashine mpya au mbegu mpya anafaidi, kwa kuwa anatoa mali nyingi na bei ingali ya zamani. Majirani wanaona, wanaiga. Mali inajaa, bei inashuka. Sasa wote wanalazimika kuitumia ile mbegu ghali wasizame, na asiyeimudu anauza shamba kwa anayeimudu. Cochrane aliufananisha na kinu cha kukanyaga. Sisi wa pwani tuna picha yetu: ngamia wa kinu cha ufuta, kama vinu vilivyokuwako Lamu zamani. Amefungwa macho, anatembea kutwa, jioni yuko pale pale alipoanzia, na mafuta ni ya mwenye kinu.

Wamarekani wenyewe hawakusalimika. Wasovieti waliponunua nafaka nyingi mwaka 1972 bei zikapaa, na waziri wa kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime mpaka kwenye ua wa shamba. Benki zikawakopesha kwa dhamana ya ardhi iliyokuwa ikipanda thamani kila mwaka. Mwaka 1980 Rais Carter akazuia nafaka isiuzwe kwa Wasovieti, riba za benki zikapita asilimia 20, bei ya mazao ikaanguka. Katika jimbo la Iowa thamani ya ardhi ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1981 na 1986, na watu waliokuwa matajiri kwenye makaratasi wakasimama uani kutazama matrekta yao yakipigwa mnada. Nalitaja hili kwa sababu kila mara nasikia ikisemwa kwamba tatizo letu ni kukosa mashine na mikopo. Wale walikuwa na vyote viwili.

Nchi zenye uwezo huibeba ziada kwa mgongo wa serikali. Brazil ilichoma magunia ya kahawa yapatayo milioni 78 kati ya 1931 na 1944 ili kuinua bei. Ulaya iliweka kikomo cha maziwa kuanzia 1984 hadi 2015. Huku Sabaki hakuna atakayekulipa uchome tikiti. Nyani hula bure.

Ufuta, upande wa pili wa mto na zaidi

Mjomba wangu analima Hindi. Wakati ule tumeshapakia tikiti zetu, nilimpigia simu jioni, nadhani nilitaka kuhurumiwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Sauti yako imekauka."

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Nikamuuliza yeye ameshauza ufuta wake?

"Sijauza. Kuna mtu wa Mombasa alipita juzi. Nikampa kahawa, akaenda zake."

Hilo la kumpa mtu kahawa akaenda zake ndilo jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Ufuta wake ulikuwa kwenye magunia, umekauka, umewekwa juu ya mbao usiguse sakafu. Ukikaushwa vizuri unakaa miezi bila kudai kitu. Akihitaji sabuni na sukari anauza debe. Mkewe anatengeneza kashata, anauza shuleni. Mwingine unakamuliwa mafuta ya uto kwa wanaoyajua. Mwenye gunia juu ya mbao anauza akitaka.

Na si zao geni kwetu. Katika karne ya 19, baada ya Sultani Majid wa Unguja kuifufua Malindi, mashamba ya hapa yalipeleka mtama na ufuta Uarabuni kwa majahazi, tena mwingi. Aibu yake ni kwamba ulilimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa ulipokufa mashamba yale nayo yakafa. Kwa hiyo mtu akikuambia enzi ile ufuta ulilipa, muulize nani alikuwa halipwi.

Sasa ubaya wake, kwa kuwa sitaki nionekane dalali wa ufuta. Mavuno ni madogo. Ukiwa mchanga magugu yanaumeza, na palizi ya kwanza ikichelewa hakuna ya pili itakayoufaa. Siku za kukata ni chache: majani ya chini yakigeuka manjano na vitumba vya chini vikianza kubadilika rangi, kata, funga miganda, isimamishe juu ya turubai. Ikishakauka unaigeuza kichwa chini unaipigapiga, na mbegu zinamwagika kama mvua ya rasharasha, sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Lakini ukichelewa wiki moja tu, vitumba vinapasuka vyenyewe shambani na chungu ndio wanaovuna. Nimeona mtu aliyekwenda harusini Faza akarudi kukuta nusu ya ekari iko ardhini.

Mvua zikikatika umekwisha, maana huna pampu. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na waliotegemea mbingu peke yake waliuza mbuzi. Upande wa Lamu kuna nyati na tembo. Bei nayo haipangwi hapa. Tanzania wanalima ufuta mwingi, hasa Lindi na Mtwara, na walaji wakubwa wako Uchina na Japani. Huko wakishiba, kwetu pia inashuka. Ufuta pia ukizidi unaanguka. Tofauti ni kwamba unaweza kuutazama ukianguka na kungoja uinuke, ilimradi hakuna anayekudai.

Halafu kuna somo la korosho. Korosho nayo inangoja, inakaa kwenye gunia miezi. Lakini kiwanda cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilipokwama miaka ya 1990, wenye mikorosho walingoja mpaka wakachoka, wengine wakaikata wakachoma makaa. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili viwanda vya ndani vipate mali, na kwa mkulima maana yake ilikuwa wanunuzi wachache zaidi. Kwa hiyo zao linalongoja halitoshi, lazima wanunuzi wawe zaidi ya mmoja. Ufuta una faida hapo, kwa sababu hata mama wa kashata ni soko. Ila nenda na mizani yako. Gunia la rumbesa na debe la kilima vimekula kilo nyingi kuliko panya.

Pojo nitasema kwa ufupi: miezi miwili na kidogo umevuna, hukutia mbolea nyingi, na ukikosa mnunuzi unakula na nazi. Adui wake ni fukusi. Weka kwenye ile mifuko yenye tabaka la plastiki ndani isiyopitisha hewa, ufunge kisawasawa, fukusi wanakufa humo humo bila dawa.

Mkopo upi, na unaisha lini

Ukishika tikiti utajikuta unatafuta pesa, na hapa ndipo nataka uwe mkali. Tikiti linataka siku 75 hadi 90. Sasa linganisha na mkopo. M-Shwari, ule mkopo wa simu, tangu ilipoanza 2012, ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa kupeleka shamba mpaka mavuno utaugeuza mara tatu. Hazina ya Hustler ya serikali, iliyoanzishwa mwisho wa Novemba 2022 ina riba nafuu kabisa, asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa kwanza ulikuwa wa kurejeshwa ndani ya siku 14. Siku 14 mche wa tikiti una majani matatu manne. Mikopo hiyo inamfaa anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Kwa mkulima ni ya kununulia dawa siku chawa wa majani wamevamia, basi.

Mbegu za dalali ndizo zinazonitisha zaidi, na ndizo zinazopendwa, kwa sababu hazina riba. Ndugu zangu wengi wanaokwepa riba kwa dini yao wanaona hapo wamesalimika. Kuna masharti gani lakini? Bei haijatajwa, au imetajwa kwa mdomo. Mnunuzi ni mmoja. Siku ya kuvuna anaichagua yeye. Mtu akikukopesha bila riba kisha akakununulia kwa theluthi ya bei, alichokula ni riba ya aina gani? Kwa anayejali upande huo, sheria ya dini ina njia yake: kuuza mapema mali itakayokuja kunakubalika pale ambapo bei imelipwa yote mwanzoni, na kiasi, sifa na tarehe vimetajwa. Hayo hayako kwenye daftari la dalali niliyemjua mimi.

Kuna namna moja ya kukopa ambayo naiona ina akili, nayo ni kukopa baada ya kuvuna. Kenya ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2019. Unaweka nafaka kwenye ghala lililoidhinishwa, unapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo benki inaweza kukukopesha huku mzigo ukingoja bei. Kwa aliye mbali na ghala sheria hiyo ni karatasi tu, lakini mjomba anafanya vile vile bila karatasi. Shule zikifunguliwa anapeleka magunia mawili kwa mwenye duka anayemwamini, anachukua pesa za karo, na mwezi wa nne au wa tano anauza, anakomboa. Deni lake linaegemea gunia lililopo. Letu liliegemea ua la tikiti ambalo nyuki hajalifikia.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wazee. Ila ingefaa kuuliza matanga ni lini.

Maembe, kwa wenye miembe

Hapa kosa letu ni kuuza maua. Mwembe umechanua, dalali anapita, anautazama mti mzima wa ngowe, anakupa elfu kadhaa mkononi, na kuanzia siku hiyo maembe ni yake. Hata Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa: hakuna ajuaye nini kitakuja. Mwaka yakija mengi unajiona mjinga, yakipukutika dalali hakurudishii salamu.

Msimu mkubwa, Novemba hadi Februari au Machi, maembe yanaoza chini ya miti Malindi nzima, na kiwanda cha kukamua kinapanga foleni kinavyotaka. Soko la nje nalo liliyumba. Nzi wa matunda aliyeonekana Kenya mwaka 2003 alisababisha maembe yetu kuacha kwenda Ulaya 2014, na mlango haukufunguliwa tena hadi 2021. Kwa hiyo usipande miembe mipya kwa mkopo, kwa hali yoyote. Uliyo nayo itunze, weka mitego ya nzi, zika yaliyooza, na ule msimu mdogo wa katikati ya mwaka usiuuze mapema. Huo ndio wenye bei. Mwenye mwembe wa babu yake hana deni la mwembe, kwa hiyo hana sababu ya kuwa na haraka.

Basi wewe uchukue lipi

Ukiwa na mshahara au duka linalolisha nyumba, na 90,000 ambazo zikipotea watoto hawatafukuzwa shule kwa karo, panda tikiti. Sikutanii. Lakini usipande ekari nzima siku moja. Gawa vipande vitatu, upishanishe wiki mbili mbili. Mwenye pesa za mkopo hawezi kufanya hivyo kwa sababu pesa zimekuja kwa mkupuo na saa imeanza kuhesabu, wewe unaweza. Hesabu nyuma kutoka Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, na uchelewe kidogo kuliko wenzako. Wanaoijua hesabu hii wamekuwa wengi, nayo itaharibika siku moja.

Ukiwa huna pesa na mtu anakupa mbegu, kataa, hata kama ekari italala nusu. Lima ufuta unaoumudu kwa jembe lako na mikono ya nyumbani, hata robo tatu ya ekari, na pojo inayobaki. Hutatajirika. Nasema waziwazi kwa sababu nimechoka na semina zinazoahidi mamilioni kwa ekari huku chai ikimiminwa na wauza mbegu.

Ukiwa katikati, yaani una elfu thelathini na uko kwenye chama, gombana na chama kwanza. Omba marejesho yawe ndani ya wiki nne baada ya siku ya mavuno iliyotarajiwa, badala ya tarehe moja kwa wote. Nimekiona chama kimoja cha akina mama kikikubali, baada ya mabishano ya vikao vitatu, na hoja iliyowashinda waliokataa ilikuwa rahisi: mwanachama akiuza kwa bei mbaya chama nacho hakilipwi. Kikikubali, nusu ekari ya tikiti na ekari moja na nusu ya ufuta ni mgawanyo ambao ningeupanda mwenyewe. Kikikataa, rudi kwenye ule ufuta wa jembe lako.

Na ukiwa Hindi, Witu au Mpeketoni, ongeza gharama ya barabara. Tikiti la kwako linashindana na la Sabaki lililo karibu na Mombasa kwa zaidi ya kilomita mia moja na hamsini, na kila tuta linalivunja moja. Ufuta haujali matuta.

Masika haya nimepima robo tatu ya ekari kwa ufuta. Mbegu kilo moja na nusu imetoka kwa mjomba, imekuja na basi la asubuhi ndani ya mfuko wa unga, na hakutaka pesa, ametaka nimrudishie kilo tatu nikivuna, siku yoyote. Binamu yangu amecheka sana. Yeye pampu amekodi tena, na safari hii mbegu amenunua taslimu.